Mkaaji ni nani? Maneno kwa familia zilizohama na kwa mashefu wa Kasongo na Kabambare

Tumekuja kuzungumza juu ya redio na juu ya shamba.

Kasongo ni mji wa masomo. Kuna Univerisite ya Kasongo, kuna na chuo cha walimu. Tena ni mji wa kupokea wageni. Vita vya Mai-Mai Malaika vilipotikisa Salamabila, katika teritware ya Kabambare, familia nyingi zilihama. Mwaka 2019 mgodi wa dhahabu wa Namoya ulisimamisha kazi kwa kukosa usalama, na wengi wakakosa njia ya kuishi.

Tangu 2002 Radio Okapi inatuletea habari za nchi nzima kwa Kiswahili. Lakini ugomvi wa shamba unahitaji redio ya karibu. Redio moja ya Kasongo ilipewa jina Sauti ya Mkaaji. Mkaaji ni nani? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa, kwa kufuata sheria. Basi aliyekimbia vita naye ni mkaaji, na sauti yake ina mahali redioni.

Lakini haki ya kukaa haimpi mtu shamba la mwenzake. Mwenyeji anasema: "Lima msimu mmoja." Mgeni akipanda karanga, atavuna baada ya miezi mitatu au minne. Akipanda mihogo, shamba litashikwa mwaka mzima au zaidi. Akipanda michikichi, mwenyeji ataona amenyang'anywa, kwa maana katika desturi mti ni ushahidi wa mwenye ardhi. Hakuna aliyedanganya; hawakuelewana tangu mwanzo.

Mazungumzo ya redio yanaweza kusaidia hapo. Tunawaomba mambo manne:

1. Mwenyeji, mama aliyehama na shefu wakae meza moja, na kila mmoja apewe nafasi sawa.

2. Waseme masharti wazi: mipaka, mazao, muda, fungu la mwenye shamba, na mashahidi.

3. Kabila lisitajwe kama ndilo kosa. Wala pasitajwe mahali familia zinapolala, kwa maana anayewatafuta naye ana redio.

4. Shefu akiahidi, ataje siku ya kujibu, na siku hiyo arudi redioni.

Wengine hawana redio, wengine wamekosa mawe ya redio. Sikilizeni pamoja, wenyeji na wageni, kisha mzungumze. Ninyi wanafunzi, mna kalamu: andikeni mapatano kwa nakala mbili, na myasome kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma.

Ninyi mashefu, msingoje ugomvi ufike kwenu. Iteni mazungumzo haya wakati wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijaanza na mbegu hazijaingia udongoni. Na ninyi mliohama, msinyamaze kwa kuona haya ya ugeni. Ulizeni kabla ya kupanda.

Sasa tunangoja maulizo yenu.