Paji la Uso na Minong'ono ya Mtaa

Jirani yangu alitokwa na malengelenge upande mmoja wa paji la uso. Mtaani tukanong'ona, nami nikiwamo: karogwa! Kumbe ni mkanda wa jeshi.

Kila upande wa uso hupata hisia kwa mshipa wa fahamu wenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu, na la taya. Virusi vya tetekuwanga hujificha kwenye shina lake miaka mingi, kisha huamka na kufuata tawi moja. Ndiyo maana malengelenge hayavuki katikati ya uso. Yakifika ncha ya pua, jicho limo hatarini.

Dawa yafaa ianze ndani ya saa 72. Jirani alikwenda hospitali siku ya kumi. Jicho lile halioni tena. Minong'ono yetu ilimchelewesha.