Kiuno kinauma, sindano inachomwa nyuma ya goti

Kama kila asubuhi unabeba ndoo ya maji ya lita ishirini, au unarudi jioni na mzigo wa kuni mgongoni, hakuna haja ya kukueleza maumivu ya kiuno ni nini. Umemeza vidonge, yakapungua, yakarudi. Sasa jirani anakuambia kuna mtu anayetibu kwa sindano za Kichina, yaani akupancha. Anasema alichomwa nyuma ya goti na kiuno kikatulia. Unabaki kujiuliza: goti na kiuno vinahusiana nini? Mtu huyu anajua anachofanya, au anabahatisha?

Leo nitakueleza jinsi watu wa kazi hiyo wanavyochagua mahali pa kuchoma. Ukilifahamu hilo, utajua la kumwuliza kabla hujamkabidhi mwili wako.

Kwanza sindano yenyewe. Siyo ile ya zahanati. Haina dawa wala tundu. Ni chuma chembamba sana, karibu kama unywele. Huchomwa, ikaachwa kwa dakika ishirini hivi, kisha ikatolewa.

Mahali inapochomwa panaitwa nukta. Matabibu wa China ya kale walifundisha kwamba mwilini inapita nguvu ya uhai, chi, katika njia ndefu kama maji yanavyopita katika mfereji. Mfereji ukiziba, ugonjwa unaingia. Nukta zimepangwa juu ya njia hizo, na Shirika la Afya Duniani limeandika mahali pa nukta 361. Usidhani daktari akimpasua mtu atazikuta njia hizo kama anavyoikuta mishipa ya damu. Hazionekani. Ni ramani waliyoichora watu, na tabibu wa sindano anaifuata kama dereva anavyofuata barabara.

Sasa anachaguaje? Namna ya kwanza hata bibi yako angeielewa. Tabibu anabonyeza polepole kuzunguka panapouma mpaka mgonjwa aruke na kusema, “Aa, hapo hapo!” Nukta za namna hiyo huitwa ashi, na maana yake kwa Kichina haiko mbali na kilio hicho. Zinahusishwa na tabibu mashuhuri Sun Simiao, aliyeishi karne ya saba. Anayechanja chale au kupiga chuku huku kwetu naye mara nyingi huanzia hapo, panapouma.

Namna ya pili ndiyo inayoshangaza watu. Tabibu anatafuta njia inayopita panapouma, halafu anaifuata mpaka mbali. Njia moja ndefu huanzia kwenye kona ya jicho, ikapanda kichwani, ikashuka mgongoni na kiunoni, ikapita nyuma ya paja na nyuma ya goti hadi kidole kidogo cha mguu. Basi ndiyo maana mwenye kiuno anachomwa katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, nukta iitwayo Weizhong. Mwenye maumivu ya jino anachomwa mkononi, kwenye nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kwa kuwa njia ya hapo hupanda mpaka usoni. Nukta hiyo ni Hegu. Mwenye shida ya tumbo anachomwa Zusanli, vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa mfupa wa ugoko. Na vidole hivyo ni vya mgonjwa, si vya tabibu. Kila mwili unapimwa kwa mkono wake wenyewe, ndiyo maana mtoto na mtu mzima hawachomwi kwa kipimo kimoja.

Namna ya tatu inataka muda na masikio. Chukua watu wawili wenye maumivu ya kichwa. Kwa mmoja yanagonga pembeni, juu ya sikio, naye halali na anakasirika upesi. Kwa mwingine yanaanzia kisogoni, shingo imekaza. Tabibu aliyefunzwa hawachomi mahali pamoja. Atauliza usingizi, choo, hedhi na chakula, atatazama ulimi, atashika mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Ndipo achague. Kwa hiyo mtu anayekuchoma kabla hujamaliza kueleza kinachokusumbua, mtilie shaka.

Ipo namna nyingine isiyo na mahojiano kabisa. Katika hospitali ya Lincoln, mtaa wa Bronx mjini New York, tangu miaka ya 1970 walitibu watu waliokuwa wakijinasua na heroini. Humo ukakua utaratibu wa nukta tano za sikioni, zilezile kwa kila mtu. Watu hukaa pamoja kimya, sindano masikioni, na hakuna anayelazimishwa kusimulia yaliyompata. Baadaye utaratibu huo ulipelekwa kwa walionusurika na maafa. Ninyi mnajua kuliko mimi thamani ya kutoulizwa.

Lakini je, nukta hizo zina ukweli? Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio la watu 1,162 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye nukta za Kichina. La pili lilichomwa juu juu, mahali pasipo na nukta. La tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita walikuwa wamepata nafuu karibu watu 48 kwa mia katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 27 katika la tatu. Sindano zilisaidia, basi, lakini kuchagua nukta kuliongeza kidogo tu. Kwa hiyo akija mtu akadai anaijua nukta ya siri inayoponya kisukari, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, mwache aende zake na fedha zako zibaki mfukoni. Dawa uliyoandikiwa zahanati usiiache hata siku moja kwa ajili ya sindano.

Ukiamua kwenda, mwombe afungue pakiti mpya mbele ya macho yako. Sindano iliyotumika kwa mwenzako inaweza kukuletea homa ya ini au UKIMWI, hata kama imefutwa kwa spiriti. Mwulize alifunzwa wapi, na kwa muda gani. Kama una mimba, mwambie kabla hajagusa chochote. Hegu, na nukta iliyo juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, matabibu huziepuka kwa wajawazito. Kifuani na mgongoni juu, sindano ikizama sana hutoboa pafu. Pumzi ikikukata baada ya kuchomwa, hata kama ni saa kadhaa baadaye, kimbilia zahanati.

Yapo maumivu ambayo hayangoji sindano. Kiuno kinachouma pamoja na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au mkojo kutoka wenyewe. Kichwa kinachouma na shingo imekuwa ngumu na mwili unachemka. Hayo ni ya daktari, leo.

Kuna nukta moja unayoweza kuijaribu mwenyewe bila sindano. Inaitwa Neiguan. Geuza kiganja juu, weka vidole vitatu kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko. Iko hapo katikati, kati ya kano mbili. Imejaribiwa kwa wagonjwa wa upasuaji, na ilipunguza kichefuchefu na kutapika. Lori likikuchafua tumbo safarini, ibonyeze kwa dole gumba dakika chache, mkono mmoja kisha wa pili. Ila mtoto anayetapika na kuharisha usimbonyeze. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na mpeleke zahanati.