Taa za Trela ya Boti: Tafuta Njia ya Kurudi

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa tawi letu la Mombasa. Twayachapa hapa kwa kuwa wanachama wengi waliyaomba.)



Nimeombwa kusema juu ya taa za trela za kubebea boti, kwa maana wenzetu wengi hapa pwani huendesha magari yanayovuta boti, na wengine huitwa kuzitengeneza siku za mapumziko ili kuongeza kidogo juu ya mshahara. Mimi si mwalimu. Nilisoma madarasa machache katika shule ya misheni, na kazi ya stima nimejifunza katika mabehewa ya gari moshi. Nitasema ninayoyajua, na kosa langu pia nitalisema, kwa kuwa kosa likifichwa halimfunzi mtu.

Jumamosi moja shemeji yangu, ambaye ni dereva, aliniita Kilifi. Tajiri wake alitaka boti ipelekwe Mtwapa kutengenezwa, na taa za trela zilikuwa zimekufa. Nikafika alasiri. Nikafungua taa, nikaona balbu zimeoza kwa maji ya chumvi, nikatia mpya. Shemeji akakanyaga breki, taa zikawaka. Nikafunga bisibisi yangu mfukoni, nikasema, "Nenda salama."

Jua likatua njiani. Karibu na Kikambala akafika kwenye matuta ya barabara, akakanyaga breki. Nyuma yake hapakuwaka hata taa moja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akimfuata hakujua kuwa gari linasimama, akaja akagonga mguu wa injini ya boti. Alivunjika mtulinga na mkono. Tunamshukuru Mungu hakufa.

Tajiri alisema dereva atakatwa mshahara. Nikaenda kwake mimi mwenyewe, nikamwambia kosa si la dereva, ni la mikono yangu. Gharama ya hospitali niliilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Kwa hiyo, ndugu zangu, haya nisemayo nimeyanunua kwa fedha yangu na kwa maumivu ya mtu mwingine.

Sasa, kosa lilikuwa nini? Balbu zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika waya wa kurudi, ule mafundi tunaouita athi.

Stima haiendi mahali pasipo na njia ya kurudi ilikotoka. Hutoka kwenye betri, hupita katika waya hadi kwenye balbu, kisha hapana budi irudi kwenye betri. Trela ile haikuwa na waya mzima wa kurudi. Stima ilirudi kwa kupitia chuma cha trela na ule mpira wa chuma ambao trela hukalia nyuma ya gari. Gari likisimama, uzito wa boti hukandamiza chuma juu ya chuma, na taa huwaka. Gari likienda, chuma hurukaruka juu ya kutu na grisi, njia hukatika, na taa huzimika. Mimi nilijaribu gari likiwa limesimama tu. Ndiyo sababu nilidanganyika.

Ugonjwa huu una dalili zake. Ukiona taa za nyuma zinafifia mara breki ikikanyagwa, au ukiwasha indiketa ya kushoto na taa nyingine zote zinakonyeza pamoja nayo, usinunue balbu. Hiyo ni stima iliyokosa njia yake, nayo inajaribu kurudi kwa kupitia balbu za jirani. Hali kadhalika, taa zote zikizimika pamoja, shuku athi au plagi. Taa moja ikizimika peke yake, hapo shuku balbu au kikombe chake. Na fyuzi ikikatika kila mara ukikanyaga breki, ujue waya wa breki umechubuka nao unagusa chuma mahali fulani.

Kazi yenyewe yafaa ifanywe kwa utaratibu, kuanzia gari kwenda nyuma. Kubahatisha hula fedha.

Kwanza, chomoa plagi ya trela, upime soketi ya gari kwa taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Katika soketi ya matundu saba ya kawaida ya Uingereza na Ulaya, tundu la 3 ni athi, na waya wake ni mweupe. La 1 ni indiketa ya kushoto, manjano. La 4 ni indiketa ya kulia, kijani. La 6 ni breki, nyekundu. La 5 ni taa ya nyuma ya kulia, kahawia, na la 7 ni ya kushoto, nyeusi. La 2, lenye waya wa buluu, kwa kawaida ni la taa ya ukungu. Lakini amini namba kuliko rangi, kwa maana fundi aliyekutangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Tia waya mmoja wa taa yako katika tundu la 3 lenyewe, usiuguse kwenye bampa, ili uipime athi pia. Kama haiwaki, tazama fyuzi na waya za gari. Kama yote yanawaka, liache gari, ugonjwa uko nyuma.

Pili, tazama plagi. Meno yake hushika kutu ya kijani. Yasugue kwa msasa, uyapanue kidogo kwa ncha ya kisu ili yabane vizuri. Ifungue ndani, ukaze skurubu zote.

Tatu, jaribu athi. Chukua waya mrefu, ncha moja uifunge kwenye upande wa kutoa wa betri ya gari, na ncha ya pili uiguse penye athi ndani ya taa ya trela. Taa ikiamka, ugonjwa umeupata. Dawa yake si kusugua ule mpira wa chuma. Dawa ni kuvuta waya wa kurudi kutoka jino la 3 la plagi hadi kwenye kila taa, usitegemee chuma cha trela hata kidogo.

Nne, tazama balbu na vikombe vyake. Balbu ya breki na taa ya nyuma huwa moja yenye nyuzi mbili, ya wati 21 na wati 5. Vijino vyake havilingani kwa kimo, kwa hiyo huingia kwa njia moja tu. Usiilazimishe.

Tano, mwenzako akae ndani ya gari akanyage breki, nawe utikise waya wote, hasa pale unapopita kwenye kona ya chuma. Kisha mtikise trela yenyewe. Taa ikikonyeza hata mara moja, kazi haijaisha. Jambo hili sikulifanya Kilifi.

Na kinga ni bora kuliko dawa. Kabla ya kurudisha trela majini, chomoa plagi, kwa maana balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka. Ukitoka baharini, osha taa kwa maji ya mfereji. Taa za kisasa za LED zilizozibwa huvumilia maji kuliko za zamani, lakini nazo zataka waya wa kurudi ulio mzima.

Ndugu zangu, neno langu la mwisho ni juu ya haki. Trela ikikamatwa barabarani bila taa, anayesimamishwa na polisi ni dereva. Mtu akiumia, anayeulizwa kwanza ni dereva. Basi dereva apewe nusu saa ya kukagua taa kabla ya kuondoka, na nusu saa hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi. Kasoro iandikwe katika daftari, na tarehe yake. Na kama taa haziwaki na jua limekaribia kutua, dereva aseme, "Bwana, nitakwenda asubuhi," nasi wenzake tusimame naye.

Sisi mafundi nasi tusimwambie mtu "Nenda salama" mpaka tumetikisa waya.