Jina Lililotugawanya



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu neno moja: "mkomunisti". Mtauliza, neno hilo la zamani lina kazi gani kwetu sisi tunaotafuta unga na turubai? Ngojeni kidogo. Neno hilo lilisaidia kumwua waziri wetu wa kwanza, na baada yake likazaa maneno mengine yaliyoua majirani.

Tukumbushane habari. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Rais alikuwa Joseph Kasa-Vubu, na waziri wa kwanza Patrice Lumumba. Siku tano tu baadaye wanajeshi waliwaasi maofisa wao wa Kibelgiji. Ubelgiji ukaleta askari wake bila kuitwa na serikali yetu. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga, yenye shaba, imejitenga. Kasa-Vubu na Lumumba wakaomba msaada wa ONU. Mwezi ule ule Lumumba alisafiri mwenyewe mpaka Washington kuomba msaada wa Marekani. Askari wa ONU walikuja, lakini walikataa kuirudisha Katanga kwa nguvu. Ndipo, mwezi wa Agosti, Lumumba akapokea ndege na malori kutoka Urusi.

Wakati ule Marekani na Urusi walikuwa katika vita baridi. Kila kiongozi wa Afrika walimwuliza jambo moja: wewe ni wetu au ni wao? Lumumba alijibu mara nyingi kwamba yeye si mkomunisti, kwamba anataka nchi isiyofungwa kamba na upande wo wote. Hawakumsadiki. Tarehe 26 Agosti 1960 Allen Dulles, mkubwa wa CIA, yaani shirika la ujasusi la Marekani, aliwaandikia watu wake wa Léopoldville kwamba kumwondoa Lumumba ni kazi ya haraka na ya kwanza. Mwezi wa Septemba walipelekewa sumu. Haya si maneno ya barabarani. Kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe iliyaandika mwaka 1975.

Sumu ile haikutumika. Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba. Mabaraza yetu mawili, wabunge na maseneta, yalikataa kufukuzwa kwake. Lakini tarehe 14 Kanali Mobutu, aliyekuwa akisaidiwa na Wamarekani, akachukua mamlaka. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa Katanga, wakapigwa risasi usiku ule ule na askari wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya wakubwa wa nchi yao walibeba lawama. Mwili haukupatikana. Jino moja tu lilirudishwa kwetu, mwezi wa Juni 2022.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye fundisho. Lumumba alitawala wiki kumi tu. Je, alikuwa kiongozi mwema? Katika Kasai, mwezi wa Agosti 1960, jeshi la serikali yake liliwaua raia wengi wa Kiluba huko Bakwanga. Wana wa watu wale wana haki ya kuuliza. Lakini swali hilo lilikuwa la Wakongo, katika bunge la Wakongo. Taifa kubwa lilipoingia kwa siri, lilitunyang'anya kiongozi, likatunyang'anya na hukumu yetu pia. Tangu hapo wengine wanasema: alikuwa mkomunisti, alistahili. Wengine wanasema: hakuwa na kosa hata moja, na kila anayechukiwa na Marekani ni rafiki yetu. Pande zote mbili zimeacha kutazama matendo. Zinatazama tu nani alimchukia na nani alimpenda.

Tazameni matunda yake. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba, waliosema wanafuata njia ya Lumumba, waliteka Uvira, kisha Stanleyville, ndiyo Kisangani. Wao pia walikuwa na jina lao: "PNP", chama kilichosemwa kuwa kipo karibu na Wazungu. Karani, mwalimu au mfanya biashara akiitwa PNP, amekwisha. Watu waliuawa Stanleyville mbele ya mnara wa Lumumba mwenyewe. Tarehe 24 Novemba wakashuka askari wa Ubelgiji kutoka ndege za Marekani, na jeshi la serikali likaja pamoja na askari wa kukodiwa. Nao waliua raia wengi, mara nyingi kwa kudhaniwa tu kuwa Simba. Na Mobutu, kwa sababu aliitwa adui wa ukomunisti, alifumbiwa macho kwa miaka mingi. Alianguka mwezi wa Mei 1997.

Ndugu zangu, tembo wawili wakipigana, nyasi ndizo zinazoumia. Lakini sisi si nyasi. Tuna masikio na tuna akili.

Ninyi wazee na wakubwa wa mitaa, mtu akiletwa mbele ya baraza akiitwa mwasi, au mtu wa adui, au mgeni, msianze na jina. Ulizeni mambo matatu. Amefanya nini, siku gani, na nani aliona? Nani alimpa jina hilo kwanza? Nani atapata shamba lake, au kiti chake, akiondoka? Pasipo majibu, msimtoe mtu huyo kwa ye yote.

Nanyi mama na baba mlio kambini, mtoto akiuliza habari za vita, mwambieni aliyotenda kila mtu, mabaya na mema, hata ya upande wetu. Na akija kiongozi anayewatukana Wazungu kwa sauti kubwa, au anayesifiwa nao, msipige makofi wala mawe. Mwulizeni kwanza: barabara, shule, askari wanaotunyang'anya mihogo njiani, utayashughulikia namna gani?

Taifa kubwa litaendelea kutafuta faida yake. Lakini kumpima kiongozi wetu, na kumpima jirani yetu, ni kazi yetu. Tusiikodishe kwa mtu.