Watoto Wetu na Saa za Kazi



Wako wasemao kwamba mama ampelekaye mtoto mchanga kwa mlezi tangu alfajiri hata usiku hampendi mwanawe. (Wengi wao wana yaya nyumbani.) Sisi twakataa. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Baadaye mtoto akae na nani? Huko Mukuru na Kibera mlezi mmoja aweza kutunza watoto wengi katika chumba kimoja; hapo saa nyingi hudhuru, kwa kuwa hakuna wa kumsemesha mtoto. Basi twadai zamu fupi kwa wenye watoto wachanga, na chumba cha kunyonyeshea, ambacho Sheria ya Afya ya 2017 imekwisha kukiamuru. Watakaofuatana nasi kwa wakubwa wampe katibu wa tawi majina yao kabla ya Ijumaa.