Taarifa ya Mtu ni Amana: Tuanze na Orodha Zetu Wenyewe

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari na Mawasiliano katika kikao cha watendaji wa kata na vijiji, Laela)



Nimepewa robo saa kuzungumzia ulinzi wa taarifa binafsi mtandaoni. Wapo watakaoona kuwa jambo hili ni la watu wa mijini wenye kompyuta. Naomba tuliangalie tukiwa hapa hapa Ufipa. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimewahi kuutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii", unaompata mtu akiwa Tanga au Mwanza, huenda umetumwa kutoka katika mojawapo ya vijiji vyetu. Wazee wanatuambia kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Uchawi huu mpya nao hatuna budi kuutupa, na wahenga walikwisha kutuonya: kikulacho ki nguoni mwako.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kituo changu cha kwanza cha kazi, mbali na hapa, nilipiga picha ya akina mama wakipokea mkopo wa kikundi. Ilikuwa picha nzuri, nami nikaisambaza katika makundi ya WhatsApp siku hiyo hiyo. Sikuona kwamba mezani palikuwa na orodha, na kwamba mtu akiikuza picha angeweza kusoma majina, namba za simu na kiasi alichopata kila mmoja. Siku chache baadaye mama mmoja alipigiwa simu na mtu aliyemtaja kwa jina lake, jina la kikundi chake na kiasi cha mkopo wake. Aliambiwa atume shilingi elfu thelathini za "kukamilisha usajili". Alituma. Nilipomuuliza kwa nini alimwamini mtu asiyemjua, alinijibu: "Mwanangu, alikuwa anajua kila kitu. Nilijua ni ninyi."

Jibu hilo sijalisahau. Tapeli hapigi ramli. Anasoma tulichokiacha wazi, kisha anamrudishia mwananchi ukweli wake mwenyewe ukiwa umechanganywa na uongo mmoja tu.

Sasa tujiulize ni taarifa ngapi zinapita mikononi mwetu. Mkulima anapojiandikisha kupata mbolea ya ruzuku, anatoa jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba lake. Kaya ya mpango wa TASAF inaandikwa hali yake ya umaskini. Mama mjamzito anaandikwa afya yake kliniki. Wote hawa wametoa siri zao kwa sababu wanahitaji huduma, si kwa sababu wamezigawa. Orodha ikipigwa picha na kurushwa katika kundi la kijiji lenye watu mia mbili, eti ili watu waone majina yao, hatuwezi tena kuirudisha. Na msimu wa kuuza mahindi, simu ya mkulima inapokuwa na fedha ndani, orodha ya namna hiyo ni ramani ya mwizi.

Njia ya pili ambayo taarifa zetu hupotelea ni alama ya kidole. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, kila laini inabeba jina la mtu mwenye kitambulisho cha NIDA. Tapeli hapendi kutumia jina lake. Hutafuta mzee au kijana asiyejua, akaambiwa "weka tena kidole, mtandao umegoma", na laini ya pili ikasajiliwa bila yeye kujua. Wapo pia wanaokubali kusajili laini kwa ajili ya mtu mwingine kwa malipo ya elfu mbili tatu. Siku polisi wakifuatilia fedha iliyoibwa, jina watakalolikuta ni la yule mzee. Wazazi wetu walikataza kuacha kucha na nywele ovyo, zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Kidole kilichowekwa kwenye mashine ya wakala kinastahili tahadhari hiyo hiyo.

Sheria ipo upande wa mwananchi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo, na zitunzwe kwa usalama. Haizibani kampuni za simu peke yake. Inatubana na sisi.

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na mambo machache. Orodha yenye namba za simu au za vitambulisho isipigwe picha wala kurushwa katika kundi lolote. Kama majina lazima yabandikwe ubaoni, yabandikwe majina peke yake. Kabla ya kusambaza picha ya mkutano, tuikuze kwanza tuone kilichoandikwa mezani.

Katika mikutano ya vijiji tuwafundishe wananchi kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Mwenye laini za mitandao tofauti aikague kila moja. Akikuta namba asiyoitambua, aende na kitambulisho chake kwenye ofisi ya mtandao husika ikafutwe. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100 pekee, na hakuna mtumishi wa kweli anayeuliza namba ya siri ya mtu. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtoto wake au jirani anayemwamini, na namba ya siri aibonyeze mwenyewe.

Ndugu zangu, yule mama alisema, "Nilijua ni ninyi." Alimwamini mwizi kwa sababu alituamini sisi kwanza. Amana hiyo tuitunze.