Kabla ya Kununua Kopo la "Homoni"

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vikundi vya akina mama.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: unga, vidonge na chai za mitishamba tunazouziwa ili kurudisha hamu ya tendo la ndoa na "kusawazisha homoni". Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, na nilichosomea ni kuuliza: nani anasema, amejuaje, na yeye anapata nini? Maswali hayo yanafaa sana mbele ya kopo la dawa.

Nianze na langu. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, hamu iliniishia kabisa. Nikaona tangazo kwenye simu, nikatuma shilingi 2,500 kwa M-Pesa, nikaletewa kopo na bodaboda. Halikuwa na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Liliandikwa tu "asilia, haina madhara". Nilipompeleka mtoto kliniki, nikamwonyesha muuguzi. Akaniuliza mambo mawili: "Unanyonyesha? Unalala saa ngapi?" Kisha akanieleza kwamba mama anayenyonyesha homoni yake ya prolaktini hupanda na estrojeni hushuka, ndiyo maana uke hukauka na hamu hupungua. Huo si ugonjwa. Akamalizia: "Usichokijua wewe kilichomo, na mtoto atakinyonya." Kopo nililitupa. Pesa zilikuwa zimekwenda.

Ndugu zangu, homoni si maji ya mtungi, kwamba yakipungua unajaza. Kuna estrojeni, projesteroni, testosteroni, prolaktini, homoni za tezi ya shingo, insulini na nyingine nyingi. Kila moja ina kazi yake na kipimo chake. Anayekuambia unga mmoja unazisawazisha zote, bila kukupima hata moja, anakuuzia neno.

Na hamu haishuki kwa sababu ya homoni pekee. Kuna uchovu wa kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane. Kuna upungufu wa damu, kisukari, sonona, na baadhi ya dawa za presha na za sonona zenyewe. Kuna kukoma hedhi, ambako tendo huanza kuuma kwa ukavu. Kuna makovu ya ukeketaji. Na kuna nyumba ambazo mke anamwogopa mumewe. Hofu haitibiwi kwa unga. Kama ni wewe, nambari 1195 inapigwa bila malipo, mchana na usiku.

Sisemi mitishamba ni uongo. Bibi zetu waliitumia, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili. Lakini tuseme ukweli wa kila mmoja. Mukombero kutoka magharibi mwa nchi unatafunwa na wengi, ila ushahidi kwamba unamrudishia mwanamke hamu ni mdogo mno. Maca, mzizi wa Peru, na ashwagandha inayosifika India zimefanyiwa tafiti, lakini nyingi ni za watu wachache kwa wiki chache. Ashwagandha pia imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, na mjamzito hashauriwi kuitumia. Uwatu tunaoutia kwenye uji ni chakula. Ukimezwa kwa wingi kama dawa huweza kushusha sukari, na mama anayetumia dawa za kisukari anaweza kuzidiwa.

Upo mmea uitwao St John's wort, unaotiwa katika baadhi ya vidonge vya kutuliza mawazo. Huo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, vipandikizi vya mkononi na baadhi ya ARV. Mama anaweza kupata mimba akiwa na kipandikizi, au virusi vikaanza kupanda, asijue ni kwa nini.

Tena si kila "mitishamba" ni mitishamba. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa za kuongeza hamu zilizotiwa sildenafil kwa siri, dawa ile ile iliyomo ndani ya Viagra. Kwa mtu anayetumia dawa za nitreti za moyo, mchanganyiko huo unaweza kuua.

Sasa nisikilizeni hapa, hata kama mengine yote mtayasahau. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au damu baada ya hedhi kukoma, usiiite "homoni" ukaenda kununua kopo. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba. Saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini, na inatibika ikigunduliwa mapema. Miezi mitatu ya kusubiri unga ufanye kazi ni miezi mitatu ya kuupa ugonjwa nafasi. Nenda ukapimwe. Na mwenye umri wa miaka 25 hadi 49 asingoje dalili, aulize uchunguzi katika kituo cha afya.

Ukiamua kununua, fanya haya. Soma orodha ya vilivyomo, na kama haipo, rudisha. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na uthibitisho kwamba bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Usinunue kwa mtu utakayempoteza akibadilisha laini. Mwonyeshe muuguzi au mfamasia kopo lenyewe, na umtajie dawa zote unazotumia. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi, au moyo ukienda mbio, acha mara moja uende hospitali. Bodi pia hupokea ripoti za madhara kutoka kwa wananchi.

Katika kituo cha afya wanaweza kupima damu na sukari, au kukutuma kwa kipimo cha tezi. Kwa ukavu wa baada ya hedhi kukoma kuna vilainishi, na kuna krimu ya estrojeni inayoandikwa na daktari. Kama ni njia ya kupanga uzazi inayokusumbua, ibadilishwe. Ukiona haya kuanza, mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako.

Na nyinyi waume, kabla ya kumnunulia mkeo kopo, muulize analala saa ngapi, na kama anaumia. Jibu lake huenda likawaokolea shilingi 2,500.

Mficha uchi hazai. Tuseme, tupimwe, tutibiwe.